Mhuri wa Mmoja, Nyaya za Mwingine

Nyumba mpya ya Lyamkena au Mwembetogwa, mjini Makambako, mara nyingi huwa na mafundi umeme wawili. Wa kwanza anajulikana mtaa mzima. Ndiye aliyechonga kuta kupitisha paipu, akalala kifudifudi juu ya dari akivuta nyaya, na akarudi Jumapili baada ya ibada kufunga swichi na soketi. Wa pili hajulikani hata jina. Ameonekana kwenye karatasi tu: sahihi, namba ya leseni na mhuri juu ya mchoro uliopelekwa TANESCO. Wa kwanza hana leseni. Wa pili hajawahi kuiona nyumba.

Mambo haya hayafanywi gizani. Fundi akimpigia mwenye nyumba hesabu hutaja paipu, maboksi, roli za waya wa moja na nusu na wa mbili na nusu, mein swichi, taa, kisha anamalizia: “Mama, hapo nimeshaweka na hela ya mhuri.” Mama anaitikia, anaomba apunguziwe kidogo kwenye ufundi, wanaelewana. Haulizi mhuri ni wa nani. Anachotaka ni nguzo, mita na mwanga, na mhuri kwake ni gharama mojawapo katika orodha, kati ya gundi na misumari.

Sheria inasema jambo jingine kabisa. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, Sura ya 131, imeuweka ufungaji wa mifumo ya umeme katika orodha moja na uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme, yaani shughuli ambazo mtu haruhusiwi kuzifanya bila leseni. Leseni inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Inatolewa kwa madaraja yanayoanzia A, na kila daraja lina ukomo wa ukubwa wa kazi. Si lazima uwe na kampuni. Mtu binafsi naye anapewa. Kwa hiyo mtu anayetandaza nyaya jioni baada ya kutoka kazini kwake, bila leseni, yuko nje ya sheria hata kama kila skrubu ameikaza inavyotakiwa.

Ni rahisi kuishia hapo na kumkemea. Viongozi wengi hufanya hivyo, na neno lao ni “vishoka”. Lakini ukitazama kwa makini jinsi kazi inavyokwenda Njombe na Makambako, mtu wa kuulizwa kwanza ni yule wa pili, mwenye leseni. Bila mhuri wake, kazi ya fundi wa jioni isingefika mbali: nyumba ingekaa na nyaya zake zisizo na umeme. Leseni iliyowekwa ili mtu mwenye ujuzi aende akaikague kazi imegeuka kitu cha kukodisha, na mfumo mzima unaiheshimu karatasi bila kuuliza aliyeisaini alikuwa wapi.

Kuelewa hao mafundi wa jioni wametoka wapi, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, lakini ufundi wa umeme huko ni wa zamani kuliko mkoa. Kampuni ya miwati ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 pale Kibena, ilijenga mwaka 1995 mtambo wa megawati 2.5 unaochoma kuni na mabaki ya miti, ikajipatia umeme na kuiuzia TANESCO ziada. Uwemba kuna mtambo mdogo wa maji wa TANESCO usiofika megawati 1. Kijiji cha Matembwe kina mtambo wake wa maporomoko ya maji, na Mawengi, wilayani Ludewa, wanakijiji walijengewa mtambo wa maji ambao wanauendesha kupitia chombo chao cha watumiaji, LUMAMA. Kila mtambo wa aina hiyo, na kila kiwanda cha chai au cha mbao, ulihitaji mafundi wa ndani. Mtu aliingia akiwa saidia fundi, akajifunza kwa kushika taa na kupokeza koleo, na baada ya miaka kumi angeweza kuifungua mota ya njia tatu na kuirudisha bila kutazama kitabu. Cheti hakuwa nacho. Jioni na wikiendi watu wa mtaani walimwita.

Kisha umeme ukaja kwa wingi. Njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, iliyojengwa kwa fedha za Serikali ya Tanzania na Sweden, ilianza kupeleka umeme wa gridi Songea mwaka 2018, na mradi huohuo ukasambaza umeme katika vijiji vya Njombe, Ludewa na Ruvuma. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikaongeza vijiji vingine, kwa ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000. Januari 2022 ada ya mijini kwa njia moja, kwa nyumba isiyohitaji nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960, huku vijijini ikibaki 27,000. Hatimaye Serikali ikatangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa.

Hesabu hizo husomwa bungeni kama habari njema, nazo ni njema. Lakini ada ya 27,000 ni ya kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita. Kutoka kwenye mita hadi kwenye balbu ni juu ya mwenye nyumba, na hapo hapana ruzuku. Kwa nyumba ndogo REA na TANESCO walileta UMETA, yaani Umeme Tayari, kifaa kinachokuja na swichi na soketi zake ili mtu apate mwanga bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kinafaa sana kwa nyumba ya vyumba viwili. Tatizo ni kwamba nyumba za watu hukua. Parachichi zikiuzwa vizuri, chumba kinaongezwa, banda la kuku linajengwa, na mtu anaitwa avute waya kutoka kwenye UMETA hadi huko. Anayeitwa ni yuleyule wa jioni.

Na kazi yenyewe huja kwa misimu. Njombe pesa ya ujenzi hufuata viazi, parachichi na mbao. Miezi fulani fundi anakuwa na nyumba nne kwa mpigo, miezi mingine simu haiiti. Ndiyo maana kwa wengi wiringi ni kazi ya pembeni: mmoja ameajiriwa kiwandani, mwingine ni mwalimu wa ufundi, mwingine alikuwa kibarua wa mkandarasi wa mradi wa REA na mkandarasi alipoondoka yeye akabaki na mkanda wa kupandia nguzo na ujuzi nusu. Mtu ambaye wiringi inampa robo ya kipato chake huona leseni, ada, TIN na leseni ya biashara kama mzigo wa mtu anayeishi kwa kazi hiyo mwaka mzima.

Kuna pia mkanganyiko uliotengenezwa na Serikali yenyewe bila kukusudia. Desemba 2018 vilianza kugawiwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Vilikusudiwa kumwondolea mmachinga na mama lishe usumbufu wa kodi na ushuru. Fundi umeme aliyekinunua alirudi nyumbani akijihesabu kuwa amesajiliwa, na kwa upande wa biashara ndogo hakukosea. Ila kitambulisho cha mjasiriamali hakikumpa ruhusa ya kugusa mein swichi ya mtu. Tofauti hiyo, kati ya kusajili biashara na kupewa idhini ya kufanya kazi ya hatari, haikuelezwa vya kutosha mahali popote ambapo fundi angeisikia.

TANESCO kwa miaka imewaonya wateja wasitumie vishoka. Onyo ni la haki, ila limewaweka kwenye kapu moja watu wawili wasiofanana. Yupo tapeli anayevaa reflekta, anayechukua pesa ya nguzo na kupotea, au anayechezea mita ya LUKU ili isisome. Huyo ni mhalifu na dawa yake ni polisi. Na yupo fundi mwenye mkono mzuri ambaye hajawahi kukaa mbele ya mtahini. Ukiwaita wote jina moja, mteja aliyehudumiwa vizuri na huyu wa pili anaacha kuliamini onyo lote, na tapeli ndiye anayefaidi.

Sasa kuna hatari gani hasa? Jibu la kawaida ni “nyumba itaungua”, na huishia hapo. Njombe ina sababu zake mahususi, na ya kwanza ni baridi.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai maji ya bomba hayaogeki, na kila anayeweza hununua shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo. Shawa ya kawaida dukani imeandikwa wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampia 24, na hizo zinavutwa mfululizo kwa dakika kumi au kumi na tano, watu wa nyumba wakipokezana. Waya wa moja na nusu, ule wa taa, hauwezi kabisa mzigo huo. Waya wa mbili na nusu, ambao fundi ameutandaza kwa ajili ya soketi, uko ukingoni. Ukiwa ndani ya paipu moja na wenzake watatu, ukapita juu ya dari ya mbao za paini, umeshavuka ukingo. Shawa inataka waya wa nne au wa sita, ulio peke yake, na sakiti breka yake yenyewe.

Mafundi wengi wa jioni wanalijua hilo. Kinachotokea ni kwamba nyumba ilitandazwa mwaka mmoja na shawa ikanunuliwa miaka mitatu baadaye, na aliyekuja kuifunga alichukua umeme kwenye soketi ya karibu kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kuta zibomolewe. Sakiti breka ilipoanza kujizima, ikabadilishwa kubwa zaidi. Breka ikishakuwa kubwa kuliko waya, kinachokatika kwanza si breka tena.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayotenganisha ukaguzi na mhuri. Ni ethi.

Kwenye nyumba zetu nyingi ethi ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya ukuta. Kazi yake ni kwamba waya wenye moto ukigusa bati la shawa au bodi ya friji, umeme upate njia ya kurudi ardhini. Tuseme fimbo hiyo imepigiliwa nusu kwa sababu ilikuta jiwe, au udongo umekauka Oktoba, na ukinzani wake umefika omu 100. Volti 230 zikigawiwa kwa 100 zinatoa ampia 2.3. Sakiti breka ya ampia 32 haitahisi kitu. Kwake hizo ni sawa na taa chache zimewashwa. Bati la shawa litabaki na umeme saa nzima, siku nzima, mpaka mtu mwenye miguu iliyolowa alishike. Kifaa kinachoona hitilafu hiyo ni RCD, ambayo mafundi wa zamani wanaiita ELCB, kwa kuwa chenyewe hukata umeme ukivuja kiasi cha miliampia 30 tu. Nyumba isiyo na RCD, yenye ethi mbovu, inawaka taa zote vizuri. Redio inaimba. Hakuna dalili yoyote mpaka siku hiyo.

Mtu hawezi kuliona hilo kwa kutazama, na hawezi kulijua kwa testa ya bisibisi. Linahitaji vipimo: kipimo cha ukinzani wa ethi, na mega ya kupima kama ganda la nyaya bado zima, inayosukuma volti 500 na kutarajia kusoma angalau megaomu 1. Kisha kitufe cha kujaribia RCD, ambacho hata mwenye nyumba anaweza kukibonyeza. Kazi hiyo yote kwa nyumba ya vyumba vitatu haimalizi asubuhi moja. Ndiyo asubuhi ambayo mwenye mhuri analipwa bila kuifanya.

Tuongeze na vifaa. Tume ya Ushindani na TBS zimepambana kwa miaka na bidhaa bandia, na nyaya zimo. Waya wa alumini uliopakwa shaba hauonekani tofauti mpaka uukwangue kwa kisu, na unapata joto kuliko shaba halisi ya unene uleule. Fundi anayenunua vifaa mwenyewe ili apate chochote juu ya bei ana kishawishi cha kuchukua wa bei ya chini. Kwa hili mwenye leseni na asiye na leseni wanalingana majaribuni.

Kwa nini basi fundi mzuri hajisajili? Ofisi ya kanda ya EWURA ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Njombe mjini. Maombi siku hizi yanafanyika kwa mtandao kupitia mfumo uitwao LOIS, na hilo limepunguza safari, lakini umbali haukuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni cheti. Leseni inadai elimu ya ufundi inayotambulika, na mtu aliyefundishwa na mjomba wake ndani ya kiwanda cha chai hana. Kanuni zenyewe za ufungaji, zile za Uingereza za BS 7671 ambazo mafundi wetu hufundishwa, ni kitabu kinene cha Kiingereza. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini bila kumrudisha mtu darasani miaka miwili. Utaratibu huo ni mzuri kuliko unavyosifiwa. Ila cheti kikishapatikana, kinakuwa mwanzo wa safari ya pili, ya leseni, kwenye taasisi nyingine, na wengi huishia hatua ya kwanza wakidhani wamefika.

Fundi huyo hajui pia jinsi alivyo uchi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyapi nguvu makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria. Mwenye nyumba akikataa kumlipa nusu iliyobaki, fundi asiye na leseni atakwenda kudai wapi? Atasimama mbele ya mahakama ya mwanzo aeleze kwamba alifanya kazi ambayo sheria inataka leseni, na leseni hana. Mwenye nyumba mjanja anaweza kulitumia hilo. Kwa upande wa pili, mwenye mhuri naye amejifunga kamba ambayo haoni urefu wake. Ajali ikitokea, jina lililo kwenye faili ni lake. Ameweka sahihi kwamba mfumo ni salama, na hawezi hata kusema ethi ilipigiliwa upande gani wa nyumba. Pesa aliyopata kwa mhuri mmoja ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kusikiliza kesi mara mbili.

TANESCO wako katikati. Nikonekt, mfumo wa maombi kwa njia ya simu uliozinduliwa mwaka 2022, umepunguza foleni na umewanyima vishoka wa getini sehemu ya ulaji wao. Hata hivyo simu haipandi darini. Anayekuja kwenye kiwanja anatazama umbali wa nguzo na mahali pa mita, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na baada ya hapo ana viwanja vingine kumi. Mali ya shirika inakomea kwenye mita. Nyuma ya mita kila taasisi inategemea kwamba mwenzake ameangalia: TANESCO wanategemea mhuri, EWURA wanategemea kwamba aliyepewa leseni anajua wajibu wake, halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi inategemea wote wawili.

Wakulima wa viazi wa Njombe wanaujua mchezo huu kwa jina la lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia la kuzidi kilo 100, Wakala wa Vipimo unapiga kelele kila msimu, na gunia linavimba bado, kwa kuwa anayelijaza yuko shambani na anayelikagua yuko barabarani.

Nchi nyingine zimekwama mahali hapohapo, na majibu yao yanatofautiana. Kenya, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EPRA, hutoa leseni za madaraja chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na kampuni ya umeme huomba cheti cha wiringi kabla ya kuunganisha. Malalamiko ya vyeti kusainiwa mezani yapo huko pia. Afrika Kusini walikifunga cheti kwenye mauziano: nyumba ikibadilisha mmiliki, lazima kuwe na cheti cha umeme kisichozidi miaka miwili. Faida yake ni kwamba nyumba za zamani nazo zinapimwa tena, kitu ambacho kwetu hakitokei kamwe. Nyumba ya Kibena iliyowekewa umeme miaka ya themanini haijawahi kuulizwa swali lolote tangu siku hiyo.

Lililo karibu zaidi na hali ya Njombe ni la Uingereza. Tangu Januari 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zina sehemu inayohusu umeme wa majumbani. Fundi aliyejiunga na mojawapo ya mipango iliyoidhinishwa anajithibitishia kazi mwenyewe. Asiyejiunga hakatazwi moja kwa moja. Anatakiwa kuitaarifu halmashauri kwanza, na mkaguzi anakuja kutazama. Yaani mtu wa pembeni ameachiwa mlango, ila mlango huo unapita mbele ya macho ya mtu. Tanzania tumefanya kinyume: mlango umefungwa kwa maandishi, dirisha liko wazi, na anayelichungulia hayupo.

Mtu atasema Uingereza ni mbali. Basi aende Songea. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo ilianza jaribio na maduka ya dawa baridi. Kila mtu alijua kwamba maduka hayo, yaliyoruhusiwa kuuza dawa za maumivu na mafua, yalikuwa yanauza antibayotiki chini ya meza. Yangeweza kufungwa yote, na vijiji vingebaki bila dawa. Badala yake wauzaji walifundishwa, orodha ya dawa walizoruhusiwa ikaongezwa, duka likapewa jina jipya, Duka la Dawa Muhimu, na ukaguzi ukashushwa hadi kwa watu wa halmashauri na kata. Jaribio lilienea Tanzania Bara yote. Maduka yale hayakuwa malaika baada ya hapo, na dawa zisizoruhusiwa bado hukutwa kwenye rafu. Lakini leo mkaguzi anajua duka liko wapi, anajua nani ana cheti, na muuzaji ana kitu cha kupoteza.

Kwenye umeme kilichokosekana ni hicho cha mwisho: ukaguzi ulioshuka chini na fundi mwenye kitu cha kupoteza. EWURA wakibaki peke yao Mbeya hawawezi kukagua dari za Makambako. Halmashauri za miji ya Njombe na Makambako zina wahandisi na tayari hutoa vibali vya ujenzi. Kumpa mmoja wao kipimo cha ethi na mamlaka ya kutembelea nyumba chache zilizochaguliwa bila mpango kati ya zinazoomba umeme, na kuwaandikia EWURA jina la kila mwenye mhuri ambaye usomaji alioujaza haulingani na ule wa kwenye udongo, kungebadili bei ya mhuri mara moja. Leo fomu inauliza nani alisaini. Ingeuliza pia ethi ilisoma omu ngapi, tarehe gani, na kudai picha ya kipimo kikiwa kwenye fimbo, ingekuwa vigumu zaidi kusaini ukiwa mezani Iringa.

Kuna hoja kwamba hilo litapandisha gharama kwa maskini. Litapandisha, kidogo. Ila mama wa Lyamkena tayari analipa hela ya mhuri. Anachokosa ni asubuhi ya kazi aliyoilipia.

Kuhusu mafundi wenyewe, njia ya kisheria ipo na haitumiki inavyostahili. Leseni haimtaki mwenye nayo avute kila waya kwa mkono wake. Inataka kazi iwe chini yake. Vijana watano wa Kivavi, Makambako, wanaofanya kazi kwa zamu wanaweza kumsukuma mmoja wao, yule mwenye cheti au aliye karibu kukipata kupitia urasimishaji wa VETA, achukue leseni ya daraja la chini, na wengine wanne wafanye kazi wakiwa naye, akija kupima kabla ya kuweka jina. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, imenunua pikipiki na cherehani nyingi. Hakuna kinachozuia kikundi chenye leseni kuombea mega na kipimo cha ethi. Kikundi kisicho na mwenye leseni hata mmoja, afisa maendeleo ya jamii ana haki ya kukiuliza kitakitumia kipimo hicho kwa idhini ya nani.

Na mwenye nyumba asisubiri hayo yote. Fundi akija na hesabu yake iliyo na hela ya mhuri ndani, aulize jina la mwenye mhuri na siku atakayokuja. Aombe namba ya leseni aihakiki EWURA. Kazi ikiisha, adai kuona RCD imefungwa, abonyeze kitufe chake mwenyewe, na aandikiwe kwenye karatasi, kwa kalamu, ethi imesoma omu ngapi. Kama hiyo namba haipo, malipo ya mwisho yangoje hadi ipatikane.